GN125 Mikononi mwa Fundi wa CG: Kisa cha Hedi Iliyolika

Pikipiki yenyewe ni Suzuki GN125 iliyotumika, rangi nyeusi. Ina tangi lenye umbo la tone la maji, taa ya mviringo ndani ya bakuli la kromu, saa mbili za duara juu ya taa, madigadi ya bati yanayong'aa, kiti cha ngazi na usukani mpana uliorudi nyuma kumfuata dereva. Mwenye nayo ni dada anayeishi Kimara na kufanya kazi Posta, Dar es Salaam. Anaendesha mwenyewe, kilomita 15 hivi asubuhi na 15 jioni, na habebi abiria wa kulipia. Siku mbili baada ya kubadilisha oili kwa mara ya pili tangu ainunue, injini ilianza kutoa mlio juu. Ikiwa baridi ni tiki-tiki nyepesi, ikipata moto ni kama mtu anagonga sufuria kwa kijiko. Wiki haikwisha, hedi, yaani kichwa cha silinda chenye valvu, ikawa imelika.

Kisa cha namna hii hujirudia kwa pikipiki hizi, kiasi kwamba ukieleza kimoja umeeleza vingi. Ndani yake mna karibu yote ambayo mnunuzi wa pikipiki ndogo yenye sura ya zamani anapaswa kuyajua kabla hajatoa hela: kwa nini inapendeza, kwa nini inafaa, na kwa nini hufa mapema mikononi mwa watu wema ambao hawakuijua.

Alichokipenda, na kama alikosea

Hakukosea. Lazima hili lisemwe kwanza, kwa sababu injini ikigonga kila mtu huanza kumwambia mwenye mali kwamba angenunua Boxer, ile pikipiki ya bodaboda.

Kiti cha GN125 kiko milimita 735 hivi kutoka chini. Mtu wa kimo cha wastani, hata mfupi, anakanyaga ardhi kwa nyayo zote mbili akiwa amekaa. Kwenye foleni ya Ubungo au Magomeni, ambako unasimama na kuondoka mara mia, hiyo ni nafuu ya kweli, si jambo la urembo. Uzito ni kilo 110 hivi, kwa hiyo kuisukuma nyuma kutoka kwenye maegesho yaliyobana hakuhitaji msaada wa mlinzi. Usukani mpana unaigeuza kwa nguvu kidogo, na mgongo unakaa wima. Anayevaa nguo za ofisini na kubeba begi mgongoni anafika hajajikunja.

Breki ya mbele ni ya diski. Boxer nyingi za biashara zina dramu mbele na nyuma, na dramu ikilowa kwenye dimbwi hupoteza mshiko kwa muda. Diski hujikausha haraka. Kwa mtu anayepita Jangwani wakati wa masika, hiyo peke yake ni sababu nzuri ya kununua.

Mafuta pia hayamsumbui. Injini ni ya 124 cc na kabureta moja, na ikiwa imepangwa vizuri huenda kilomita 35 hadi 40 kwa lita. Kwa mwendo wake wa kilomita 30 kwa siku ni chini ya lita moja. Tangi la lita 10 na ushee likijazwa linamtosha karibu wiki mbili za kazi.

Tena si pikipiki ya kuigiza uzamani. Suzuki waliitoa mwaka 1982, na umbo lake la leo ni lilelile la siku hizo. Baadaye ikatengenezwa China, ikiwa ni pamoja na kiwanda cha Haojue cha Jiangmen, na viwanda vingine vikanakili injini yake. Anayenunua pikipiki mpya iliyovishwa sura ya kale mara nyingi analipia vazi. Anayenunua GN analipia mashine rahisi ya zamani ambayo haikubadilishwa kwa sababu ilikuwa inafanya kazi.

Shida inaanzia hapo kwenye injini.

Injini mbili zinazofanana kwa macho

Fundi wa bodaboda wa Dar, Mwanza au Mombasa amelelewa na injini ya aina ya CG. Ni ya Honda kwa asili, imetoka miaka ya 1970, nayo ilibuniwa makusudi kwa nchi ambazo pikipiki haipati huduma kwa wakati. Kamshafti yake, yaani fimbo yenye nundu zinazofungua valvu, iko chini, karibu na kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni), inazungushwa kwa gia. Kutoka huko pushirodi mbili, vijiti virefu, zinapanda kusukuma roka, vile vikono vinavyobonyeza valvu. Haina cheni ya taimingi, yaani cheni ya kuzungusha kamshafti. Haina filta ya karatasi pia: ina chujio la wavu chini na kikombe cha kuzunguka kinachotupa uchafu pembeni. Unamwaga oili, unasafisha wavu, unajaza, unaondoka. Kamshafti iko pale chini inapooga oili, kwa hiyo hata oili ikipungua inachukua muda mrefu kuumia.

GN ni mtu mwingine. Kamshafti yake iko juu, ndani ya hedi, inazungushwa na cheni. Na kamshafti hiyo haikai kwenye beringi. Inazunguka moja kwa moja juu ya aluminiamu ya hedi na kifuniko chake, ikitenganishwa nayo na utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu. Utando ukikatika, chuma kinasugua aluminiamu. Wa kumaliza mchezo anajulikana.

Nje, kwa jicho la haraka, zote ni injini ndogo za silinda moja, zenye mapezi ya kupoozea na oili isiyofika lita moja. Hata namba zilizogongwa kwenye injini za Kichina hazisaidii sana. 157FMI inasomeka hivi: 1 ni silinda moja, 57 ni kipenyo cha pistoni kwa milimita, F ni kupoozwa kwa hewa, M ni pikipiki, I ni kundi la 125. CG nyingi huandikwa 156FMI, au 162FMJ kwa zile za 150. Namba inakuambia ukubwa wa pistoni, haikuambii kamshafti iko wapi. Ukitaka uhakika, angalia nyuma ya silinda chini ya kabureta. Ukiona kikaza cheni kimefungwa pale, na juu ya hedi kuna vifuniko viwili vidogo, kimoja kwa kila valvu, hiyo ni ya cheni. Ukiona kofia moja juu ya hedi na pembeni ya silinda pana uvimbe wa njia ya pushirodi, hiyo ni CG.

Mara ya kwanza alipopeleka pikipiki kubadilisha oili, mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Fundi, hii ina filta?"

"Dada yangu, hizi hazina filta. Hii ni CG tu imevalishwa nguo nyingine."

Alimwaga, akajaza lita nzima kama alivyozoea, akalipwa. Filta ya zamani ikabaki ndani. Hilo halikuua injini. Filta chafu hupunguza mtiririko pole pole, na oili mpya ilisaidia. Kujaza kupita kiasi nako kuliacha dalili tu: oili ikapanda kwenye bomba la pumzi na kulowesha boksi la filta ya hewa. GN hupokea mililita 850 hivi ukimwaga bila kugusa filta, na 950 hivi ukibadilisha filta. Lita nzima ya chupa ni nyingi.

Mara ya pili dada alikuja na filta mkononi. Alikuwa amesoma, akaitafuta, akaipata. Alifanya sawasawa kabisa, na ndipo injini ilipoumia.

Kosa lenyewe, kwa karibu

Filta ya GN ni kopo dogo la karatasi, linakaa upande wa kulia wa injini nyuma ya kifuniko cha duara kilichoshikwa na bolti tatu. Ncha yake moja ina tundu katikati, nyingine imezibwa. Upande wenye tundu unaingia ndani, unakaa juu ya njia ya kutokea oili. Upande uliozibwa unatazama nje, na springi iliyo nyuma ya kifuniko inausukuma ili filta ikae imara. Oili inatoka kwenye pampu, inazunguka nje ya karatasi, inapenya hadi katikati, kisha inatoka kwa lile tundu kwenda kranki na kupanda kwenye hedi.

Fundi ambaye hajawahi kuiona anaishika na kuamua kwa mantiki: upande uliozibwa ndio unaofanana na kitako, basi ndio unaoingia ndani. Springi inaingia vizuri kwenye tundu la upande wa nje, kana kwamba lilitobolewa kwa ajili yake. Kifuniko kinafunga bila kulazimisha. Hakuna kinachomwambia kwamba amekosea.

Lakini sasa kitako kilichozibwa kimekaa juu ya njia ya oili. Kidogo kinapenya pembeni, hakitoshi. Pikipiki inawaka, inaendeshwa, kioo cha oili kinaonyesha imejaa. GN125 haina taa ya kuonya shinikizo la oili. Kranki inavumilia kwa siku kadhaa kwa sababu beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) ni ya rola, na rola huishi kwa ukungu wa oili. Kamshafti haivumilii. Ndiyo maana mlio wa kwanza ulitoka juu.

Kosa la pili lilisindikiza la kwanza. Ndani, pale filta inapokalia njia ya oili, pana oringi ndogo, pete ya mpira ya kuziba. Ya zamani ilitoka imenata kwenye filta chakavu na ikatupwa nayo kwenye ndoo. Hata kama filta ingegeuzwa sawa, bila oringi hiyo oili chafu ingepita pembeni bila kuchujwa. Oringi mbili hubadilishwa pamoja na filta: hiyo ndogo ya ndani na kubwa ya kifuniko. Anayeuza filta bila oringi anauza nusu ya kazi.

Uchunguzi

Jambo la kwanza kwa mlio wa namna hii ni kuzima injini na kutoiwasha tena "tusikie vizuri". Kila dakika ya kusikiliza inakula hedi.

Pikipiki ikaegeshwa kwa stendi ya katikati, mahali tambarare. Kioo cha oili upande wa kulia kina alama mbili, F juu na L chini, na oili ilikuwa karibu na F. Watu wengi huishia hapa na kusema oili ipo, tatizo ni tapeti, yaani nafasi kati ya roka na valvu. Oili kuwepo chini na oili kufika juu ni mambo mawili tofauti.

Kikafunguliwa kifuniko cha valvu ya moshi. Injini nzima huonyesha roka iliyolowa, oili imetulia kwenye vijishimo. Hapa roka ilikuwa kavu, na chuma kimeanza kugeuka rangi ya kahawia iliyoungua. Kipimo cha tapeti hakikuwa na maana tena. Fundi wa kwanza alikuwa amekaza tapeti ili kuua mlio, akaondoa nafasi yote, na valvu isiyofunga vizuri nayo huungua.

Kikafunguliwa kifuniko cha filta, taratibu, huku kila kitu kikipangwa juu ya gazeti kwa mpangilio kilivyotoka. Springi, kisha tundu la filta. Tundu likiwa la kwanza kuonekana kutoka nje, huna haja ya kutafuta zaidi sababu.

Oili ikamwagwa ikiwa vuguvugu kwenye beseni safi jeupe. Ilikuwa na mng'ao wa kijivu, kama rangi ya fedha iliyokorogwa. Sumaku ikapitishwa ndani yake: ilitoka na unga mchache tu. Mng'ao uliobaki haukufuata sumaku, maana yake ni aluminiamu. Kipimo hiki hakigharimu kitu na kinatenganisha magonjwa mawili. Unga unaonata kwenye sumaku unatoka kwenye gia, ringi au beringi. Usionata, kwenye injini hii, elekeza macho kwenye hedi.

Kifuniko cha hedi kilipotolewa, njia mbili inamozunguka kamshafti zilikuwa na mikwaruzo. Ukiburuta ukucha na ukakwama, hedi hiyo imekwisha. Mkwaruzo ambao ukucha hauusikii unaweza kusamehewa. Huu ulikwama pande zote mbili, chini na kwenye kifuniko.

Kutengeneza: njia mbili, moja ni mtego

Njia ya kwanza ni kwa fundi wa mashine ya kukereza. Atapanua njia ya kamshafti na kupachika bushi za shaba. Inawezekana, na ni nafuu, lakini ina masharti ambayo karakana nyingi haziyatimizi. Njia zote mbili lazima zikerezwe zikiwa zimefungwa na kifuniko chake, kwa mstari mmoja, na matundu ya oili lazima yatobolewe tena ndani ya bushi mahali palepale. Tundu likisahauliwa, umerudisha ugonjwa uleule kwa gharama mpya.

Njia ya pili, ambayo tunaipendekeza, ni hedi nzima pamoja na kifuniko chake. Hivi viwili vilichongwa pamoja kiwandani na havinunuliwi kimoja kimoja. Hapa ndipo kunakiliwa kwa injini ya GN kunapomsaidia mwenye pikipiki: hedi za injini za Kichina za aina hii zinapatikana kwa kuagiza, hata pale ambapo spea ya Suzuki halisi haipo. Nenda na hedi mbovu mkononi. Linganisha nafasi za stadi (bolti ndefu za kufungia hedi), kipenyo cha milimita 57, matundu ya oili, upande wa plagi na sehemu inapopanda kabureta. Muuzaji akikuambia "hii ya CG inaingia", mshukuru na uondoke. Hedi ya CG haina nafasi ya cheni.

Kamshafti nayo ikaguliwe. Shingo zake zikiwa na aluminiamu iliyonata, inaweza kusafishwa. Zikiwa na mfereji, inunuliwe mpya pamoja na roka zake. Roka ya zamani juu ya kamshafti mpya huilamba haraka.

Kabla ya kufunga, usafi. Hii ndiyo sehemu inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoamua kama hedi mpya itaishi. Unga wa aluminiamu umeshazunguka kila mahali. Fungua chujio la wavu chini ya injini, ulioshe kwa petroli. Puliza upepo wa kompresa kwenye njia ya oili ya hedi na ya silinda kutoka pande zote mbili, hadi upepo utoke safi. Gundi ya kuziba uso wa kifuniko cha hedi ipakwe nyembamba kama utando. Ikizidi hujikunja ndani, hukatika vipande, na vipande huenda kuziba njia ileile ya oili uliyoisafisha.

Taimingi hupangwa kwa alama ya T kwenye rota (gurudumu la sumaku kwenye kranki) upande wa kushoto ikilingana na alama ya kasha, na alama za gia ya kamshafti zikilala sambamba na uso wa hedi. Kikaza cheni kirudishwe ndani kwanza, kifungwe, ndipo kiachiwe. Kikifungwa kikiwa kimejitokeza, huikaza cheni kupita kiasi. Zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikigoma popote, usilazimishe, rudi kwenye alama.

Tapeti hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo, yaani T inaonekana na roka zote mbili zina mchezo kidogo. Nafasi ni milimita 0.08 hadi 0.13 kwa valvu zote mbili. Fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi) ya 0.10 ipite kwa kuvutwa kidogo. Shika skrubu isizunguke wakati wa kukaza nati, kisha pima tena, kwa sababu nati ikikazwa nafasi husogea.

Halafu oili ya mwanzo. Mimina oili juu ya kamshafti kabla ya kufunika. Filta mpya iingie tundu ndani, oringi mbili mpya, springi nje. Jaza oili safi ya 10W-40 ya pikipiki. Ya gari ya kisasa ina viungo vya kupunguza msuguano vinavyofanya klachi iteleze, kwa kuwa klachi hii inaoga oili hiyohiyo. Toa plagi, iache ndani ya kofia yake ikigusa chuma cha injini ili koili isiumie, kisha zungusha injini kwa kiki, au kwa selfu kwa vipindi vifupi, kifuniko cha valvu kikiwa wazi. Oili ikionekana juu, ndipo urudishe plagi na uwashe. Ikikataa kuonekana, usiwashe.

Iunguruke dakika 10 bila kupigwa resi, izimwe, oili imwagwe ikiwa moto na kubadilishwa. Baada ya kilomita 300 oili na filta zibadilishwe tena. Kwa foleni na joto la Dar, baada ya hapo oili kila kilomita 2,000 hadi 2,500, na filta kila mara ya pili. Kitabu kinaruhusu umbali mrefu zaidi, lakini hakikuandikwa kwa ajili ya saa nzima ya gia ya kwanza kati ya Ubungo na Magomeni. Kwa mwendo wa dada huyu wa kilomita 750 hivi kwa mwezi, ni kila miezi mitatu.

Kasoro nyingine, za kweli na za kuvumilika

Tairi ya mbele ni 2.75-18, nayo hupatikana kirahisi kwa sababu CG nyingi huitumia. Ya nyuma ni 3.50-16, na hiyo si kila duka linayo. Ukiiona nzuri, inunue kabla ya kuihitaji. Upepo ni psi 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, 32 nyuma ukibeba mtu. Zina tyubu, kwa hiyo pancha humaliza upepo ghafla kuliko tairi isiyo na tyubu.

Shokapu za nyuma ni fupi. Mtu mmoja, sawa. Watu wawili wazito kwenye tuta lisilochorwa, zinagonga mwisho. Kwa kazi ya bodaboda hapana kabisa: kiti cha ngazi kinambana abiria, hakuna pa kumweka wa pili wala mzigo, na gia tano za injini inayotaka mzunguko wa juu zitakuchosha ukiwa umepakia. Boxer ya 150 inavuta mapema, kwa chini, na hapo inaishinda GN bila ubishi.

Taa ya mbele ya balbu ya wati 35 ni pana ila ni hafifu. Kwenye mvua ya usiku huoni shimo hadi uko ndani yake. Kioo cha taa kikishakuwa na ukungu ndani, hata balbu mpya haisaidii.

Na kromu. Hewa ya bahari haina huruma nayo. Kutu huanza pasipoonekana: chini ya madigadi, mahali eksozi inapokutana na injini, nyuma ya bakuli la taa, kwenye vichwa vya spoku kama rimu ni za spoku. Kuosha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi mara moja kwa wiki, kukausha, na kupaka utando wa oili nyepesi kwa kitambaa kunatosha. Dawa ya kung'arisha yenye mchanga inaondoa kutu pamoja na kromu yenyewe, na miezi miwili baadaye bati liko wazi.

Cheni iache ilegee milimita 20 hadi 30 katikati, ukiwa umeizungusha kutafuta mahali ilipokaza zaidi. Kabureta itasumbua zaidi kwa maji na uchafu wa petroli kuliko kwa ubovu wake. Ikikataa kutulia kwenye mzunguko wa 1,400 hivi ikiwa imepata moto, safisha njia ndogo ya mafuta ya chini kabla ya kugusa skrubu.

Kwa anayetaka kununua iliyotumika

Fika injini ikiwa baridi. Mwambie muuzaji asiipashe moto kabla. Shika silinda kwa mkono: ikiwa vuguvugu, anaficha mlio wa asubuhi au shida ya kuwaka. Angalia kama ina kiki, kwa sababu ya selfu peke yake yenye betri mbovu inakuachia kazi ya kusukuma. Iwashe, isikilize juu ya hedi kwa dakika tano hadi ipate moto. Mlio wa valvu unaopungua ikipata moto ni kawaida. Unaoongezeka ni kisa hiki.

Kisha omba ruhusa ya kufungua kifuniko kimoja cha valvu injini ikiwa imezimwa. Roka iliyolowa, endelea na mazungumzo ya bei. Roka kavu, hesabu hedi mpya ndani ya bei au acha. Ulizia filta ilibadilishwa lini na nani. Jibu la "hizi hazina filta" linakuambia historia yote ya injini. Kadi ya usajili wa TRA ilingane na namba ya chasi na ya injini. Kwa pikipiki ambayo injini yake inaweza kubadilishwa na ya Kichina kwa mchana mmoja, namba ya injini isiyolingana ni jambo la kawaida na ni tatizo lako ukishalipa.

Dada wa Kimara aliiweka pikipiki yake, na alikuwa na haki. Pikipiki inayomtosha kwa kimo, kwa breki, kwa mafuta na kwa moyo haiachwi kwa sababu ya kopo la karatasi lililogeuzwa. Kilichobadilika ni kitu kimoja tu cha kuonekana. Pembeni ya kifuniko cha filta, kwa rangi nyeupe ya kucha, yameandikwa maneno mawili ambayo fundi yeyote atayaona kabla ya kushika spana: TUNDU NDANI.